Ufagio wa Bi Salha

Alfajiri Bi Salha alichukua ufagio wake wa chelewa, akajikongoja nao uani. Kabla hajaanza kufagia, Mwanamvua, mke wa mwanawe, alitoka mbio.

"Mama, lete! Majirani watasema nakutumikisha."

"Daktari si alikwambia mwenyewe? Miguu inataka kazi kila siku. Nikikaa tu, inakufa."

"Daktari haishi mtaa huu."

Ufagio ukamtoka mkononi bila kuvutwa sana. Mwanamvua akamshika kwapani kwa upole, akamkalisha kitini, akamfunika magoti, akamletea chai yenye sukari tele, kisha akaenda sokoni.

"Bi Salha, mkwe umepata!" akasema jirani akipita.

"Alhamdulillahi," akajibu.

Adhuhuri ilipoadhiniwa alitaka kuinuka akatawadhe. Miguu haikuitika. Akajaribu tena. Hakumwita mtu. Chini ya kiti zilikuwa zimeanguka chelewa chache kutoka kwenye ule ufagio. Akainama, akaziokota, akazishika kwa pamoja.

Mwanamvua aliporudi, uani kote kulijaa majani makavu, isipokuwa mbele ya kiti. Pale palikuwa na nusu duara safi, mwisho wake pale mkono wa mtu aliyeketi unapofika.