Leta Kaseti Yako

Kitu cha kwanza Abuk alichokiona ni uzi. Ulikuwa bado pale, mwekundu, mfupi kama ukucha, umebanwa chini ya skrubu ya nyuma ya redio. Aliubana mwenyewe majuma matatu yaliyopita, kabla ya kuikabidhi. Skrubu ile haikuwa imeguswa na mtu.

"Fundi ameshinda nayo siku mbili nzima," alisema Abdiladif, mwenye duka, akiipangusa vumbi kwa kiganja. "Amefungua yote, ametoa vyuma, ameweka vyuma. Sasa imepona, dada. Mpya kushinda mpya."

Abuk alitazama sakafu.

Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja Lodwar. Mara tatu kupanga foleni ya ruhusa ya kutoka kambini Kakuma, mara tatu juu ya magunia ya lori, na mara mbili za kwanza redio mapajani kama mtoto mgonjwa. Aliiagiza kwa dereva bila kuiona, kwa kuwa Kakuma nzima ilisema redio kaseti za kweli ziko kwa Abdiladif. Kwa miezi mitano alikula mara moja kwa siku, mahindi mengine ya mgao akayauza. Yote hayo kwa ajili ya kaseti moja.

Kaseti hiyo ilikuwa barua. Watu wa kwao wasiojua kuandika walisema maneno yao ndani ya kaseti, ikabebwa mkono kwa mkono kutoka kwao Bor, ng'ambo ya mpaka, hadi kambini. Mama yake alisema yake, kisha akafa, na kaseti ikafika baada ya mazishi. Siku redio ilipokuja, Abuk alijifungia ndani peke yake. Mama alikohoa. Akaita, "Abuk." Hapo redio ikapiga yowe kama mbuzi na kuanza kuutafuna utepe. Alibonyeza kitufe cha kuisimamisha, kikakwama.

Mara ya kwanza alipoirudisha alisema tu, "Imekula kaseti yangu. Ilikuwa barua."

"Imekula?" Abdiladif alimgeukia mzee Lotiir, aliyekuwa akichagua betri. "Mzee, sikia hii. Redio ina njaa. Imekaa kambini sana, inangoja mgao."

Lotiir alicheka mpaka akaegemea fimbo yake.

"Na hiyo barua," Abdiladif akamwambia Abuk, "mwambie aliyetuma atume ingine. Maneno haiishi."

Aliondoka na redio ileile, na maneno hayo aliyasikia njia nzima ya kurudi. Aliyasikia bombani, jikoni na kanisani. Hasira yake haikuwa na kelele. Aliinenepesha polepole, kama mbuzi wa sikukuu.

Mara ya pili aliomba waijaribu redio pale pale dukani. Abdiladif alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: kujaribu ni kwa kaseti ya mnunuzi, za duka haziguswi. Na kweli, redio iliyokuwa ikiimba mlangoni pake ilikuwa kuukuu, imefungwa kwa mpira wa tairi. Zile mpya za rafuni Abuk hakuwahi kuzisikia zikiimba. Hakuwa na kaseti siku hiyo. Akaiacha redio kwa fundi, pamoja na uzi.

Safari hii ya tatu, jirani yake Faduma, mmoja wa wageni walioletwa mwaka huo kutoka kambi za pwani, alimkuta akifunga mlango.

"Unaenda Lodwar, dada? Basi nibebee hii."

Kilikuwa kifurushi kidogo ndani ya kitambaa cha kijani. Akamweleza ni cha nani na ndani mna nini. "Mpe mkononi. Hakuna ingine duniani."

Abuk aliitikia kwa kichwa. Kambini watu walibebeana hivyo siku zote, na mzigo wa mtu haukuwahi kupotea.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya kaunta, macho kwenye uzi.

"Chukua mashine yako, dada, lori isikuache."

"Tuijaribu," alisema Abuk.

"Eh? Mrefu hivyo na sauti huna."

"Tuijaribu kwanza."

Abdiladif aligonga karatasi ya ukutani kwa kidole. "Sheria unajua. Leta kaseti yako."

"Na ikila?"

"Ikila, wallahi, utachagua ingine hapo kwa rafu, yoyote. Lakini haili. Leta."

Mkono wa Abuk ulikaa ndani ya mfuko muda mrefu, mrefu kuliko unaohitajika kutafuta kitu ambacho mtu anajua kilipo. Kisha akaweka kaseti juu ya kaunta.

Abdiladif hakuitazama mara mbili. Akaitia, akapandisha sauti hadi mwisho ili na wapita njia wasikie mali safi, akabonyeza.

Kwanza ulivuma upepo. Halafu kikongwe akakohoa, akavuta pumzi, akaita.

"Abdiladif."

Redio ikapiga yowe. Abdiladif alibonyeza kitufe, kikakwama. Akakipiga kwa ngumi, akaingiza vidole na kuuvuta utepe, nao ukamkatikia mikononi, mweusi, mwembamba, ukimetameta.

"Mama," alisema, kwa sauti ambayo duka lile halikuwahi kuisikia.

Abuk alikikunja kitambaa cha kijani mara mbili, akakiweka mbele yake. Kisha akainua uso.

"Wangu naye," akasema, "aliishia kwenye jina."