Saa Ndani ya Kifurushi

"Rudia," alisema Aling Conching huku akimenya vitunguu saumu. "Patawad po."

"Patawad," Zoran akasema.

"Na po! Ukimwomba mtu mzima msamaha bila po, atakufungia mlango usoni. Khaa! Wiki tatu nzima, hata kasuku angekuwa ameshika!"

Zoran akarudia, po ikiwemo. Ndege yake ilikuwa ya Jumamosi, na kabla ya hapo alikuwa na mama mmoja wa kumwendea hapohapo mjini Bauan, amwombe radhi kwa lugha ya kwao. Kwa Kiingereza hakutaka. Kwa Kiingereza kampuni ya meli ilikwisha kumwandikia pole, mistari minne na mhuri.

Zaidi ya hapo hakumweleza Aling Conching, mwenye nyumba wake, kitu. Siku aliyosimama langoni pake akitafuta maneno, mama wa watu alimwonyesha kibao cha chumba cha kupanga, naye akaitikia kwa kichwa. Sababu ya safari mama akaijaza mwenyewe.

"Umempa binti wa watu mimba," aliamua siku hiyo hiyo. "Usinifiche. Mabaharia nawajua mimi!"

Zoran hakubisha. Kudhaniwa mhuni kulikuwa nafuu kuliko ukweli. Ukweli ni kwamba yeye, afisa wa kwanza, alimtuma kijana ndani ya tangi la meli bila kupima hewa, kwa sababu walikuwa wamechelewa bandarini, na kijana yule hakupanda ngazi tena. Kila alipokula wali wa Aling Conching, alishindwa kumtazama usoni.

Vitu vya marehemu, vya kumkabidhi mama yake, alivileta kwenye kifurushi kilichofungwa kwa kamba. Humo mlikuwa na saa ya mkononi iliyopiga kijiwimbo kila alfajiri saa kumi na moja. Zoran hakuwa na moyo wa kukifungua aizime. Alijifunika mto tu, akiona haya kuwaamsha watu.

Aling Conching hakulalamika. Asubuhi ya kwanza alimpelekea kahawa hadi mlangoni, akasimama pale na kikombe mpaka wimbo ukaisha. Tangu siku hiyo hakumtania tena habari za binti, ila masomo aliyazidisha: asubuhi, mchana, jioni.

"Ukifika, piga hodi: Tao po! Akifungua, shika mkono wake, uweke kwenye paji la uso wako. Haya, jaribu na wangu."

"Nyanya hizi hazijaoshwa," Zoran akasema, akakimbilia bombani. Ilikuwa vivyo hivyo kila siku. Mkono ule hakuthubutu kuugusa.

Ijumaa ikafika. Aling Conching alimpigia pasi shati kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga vifungo vya shingoni, akasema, "Nenda. Leo usipindishe maneno."

Zoran akatoka na kifurushi. Nje Mang Berting, jirani, alikuwa akimwogesha jogoo wake wa kupigana.

"Leo ndiyo leo!" akapaza sauti. "Nyumba gani hiyo, bwana harusi?"

Zoran akakaza mwendo. Alitembea hadi kanisani, akasimama. Alitamani basi lolote limchukue hadi uwanja wa ndege. Kisha akageuka, akarudi njia ileile, akampita Mang Berting aliyebaki kinywa wazi, akaingia lango lilelile alilotokea.

"Tao po!" akaita.

Mlango ukafunguka. Aling Conching alikuwa amevaa gauni jeusi. Hakumuuliza amesahau nini. Alimnyooshea mkono, kiganja chini.

"Saa hiyo nilimnunulia mimi," alisema. "Haya, mwanangu. Rudia."