Nyuma ya Sanduku la Maboya

Jua la saa nne lilichoma sitaha yote, na Juvenali alikuwa amechuchumaa nyuma ya sanduku la maboya, koti zito limemfunika kichwa kama mtu anayejifukiza.

Melini alikuja kustarehe, hakuna kingine. Miaka thelathini na minne, mtoto wa Nyakahura, na maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Aliposikia kuna meli ya matembezi, inaondoka asubuhi, inazunguka visiwa na kurudi jioni, alikata tiketi moja, akavaa koti lake la harusi, akaja peke yake. Alitaka kuliona ziwa. Mpaka saa hiyo alikuwa ameona kutu ya sanduku.

Balaa lilipanda dakika ya mwisho, limevaa kitenge cha njano. Juvenali alimtambua yule mama kwa mwendo tu, kabla hajamaliza ngazi. Miaka sita amemkwepa: sokoni, kanisani, hata msibani, ambako ilibidi apenye kwenye migomba kama nguruwe wakati mama anaingia uani. Leo meli imeshang'oa nanga, na kila upande ni maji. Wakikutana uso kwa uso, Juvenali hana tena pa kujificha na aibu yake, si kwao Nyakahura, si Ntobeye anakotoka mama huyo.

"Wee kijana, unaumwa?"

Alikuwa Dafroza, muuza chai wa mle melini, birika mkononi.

"Shikamoo mama. Siumwi."

"Marahaba. Sasa mbona umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa? Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mke huna?"

"Ninaye. Yuko nyumbani."

"Ehe! Mke kamwacha nyumbani na jembe, yeye kaja kula upepo. Na upepo wenyewe anaula chini ya koti." Dafroza aliwageukia abiria waliokuwa karibu. "Jamani, huyu mnamwelewa?"

Abiria mmoja alikuwa akingoja kuulizwa hivyo. Aliitwa Fabrice, mbadilisha fedha wa mpakani Kabanga, miwani ya jua usoni na sauti ya kupigia mnada.

"Mimi namtazama tangu tumeondoka," alisema. "Yule mama wa njano akija huku, huyu anakimbilia kule. Na mama naye akiuona mgongo wake tu, anajifunika uso, anageuka mbio. Huyu kamfanyia kitu yule mama."

"Sijamfanyia kitu," Juvenali alijibu kutoka ndani ya koti.

"Unamfahamu?"

Koti lilizidi kujikunja.

"Nakuuliza wewe, bwana koti. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anaitwa nani?"

Jina Juvenali alilijua. Aliuma pindo la koti.

"Mnaona?" Fabrice alipiga makofi. "Mwenye jambo safi anashindwa kutaja jina la mtu? Mimi pale Kabanga nimewazoea hawa. Mwizi namjua akiwa amenipa mgongo!"

Neno mwizi liliwatosha. Waliokuwa wanapiga picha waliweka simu mifukoni wakasogea. Mmoja alimchapa Juvenali kofi la kisogo juu ya koti, mwingine akamkanyaga vidole. Bibi mmoja aliyekuwa akisali rozari alikatisha katikati, akamtukana, kisha akaendelea na Salamu Maria.

"Atupwe humo majini, akawaibie samaki!"

Wakacheka, lakini walishamzunguka. Juvenali hakujitetea. Alihesabu kichwani visiwa vilivyobaki, akaomba jioni ifike.

"Msimtupe," Fabrice aliamua. "Tumpeleke kwa yule mama. Aseme mwenyewe alichofanyiwa, ndipo tujue tunamtupa au tunampeleka polisi."

Hapo ndipo mtu mpole alipogeuka chui. Juvenali alilikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili, akapiga mateke, akamng'ata Fabrice mkono.

"Niueni hapa hapa!" alipiga kelele. "Nitupeni! Nitaogelea! Kule msinipeleke!"

Kuogelea hakujua, na kila mtu aliliona hilo machoni pake.

"Yesu wangu," Dafroza alisema taratibu. "Kumbe alichomfanyia ni kikubwa."

Walimbandua wanaume wanne. Koti lilichanika bega likabaki sakafuni. Wakamburuta sitaha nzima, visigino vikikwaruza mbao, naye amefumba macho kama anayepelekwa kuchinjwa.

Mama wa njano alikuwa mbele kabisa ya meli, amekaa peke yake, anakula ndizi zake za kutoka nyumbani. Aliposikia vurugu alitupa jicho nyuma mara moja tu. Sahani ikamdondoka. Akavuta kitenge mpaka utosini, akakigeukia chuma cha ukingo, akajikunja akawa mdogo.

"Mama, usiogope," Fabrice alilainisha sauti. "Tumemkamata, hana ujanja. Wewe mtazame tu, utuambie."

Mama hakugeuka. Alizidi kujibana kwenye chuma.

"Maskini, kamwogopesha mno," alisema Dafroza. Akapiga magoti, akashika pindo la kitenge ili amfunue taratibu. Fabrice naye akamshika Juvenali kidevu, akauinua uso wake.

"Niache kitenge changu!" mama alipasua sauti, meli nzima ikasikia. "Wapumbavu wakubwa! Hivi ninyi makwenu wakwe hutazamana usoni? Mwondoeni mbele yangu, huyo kamuoa binti yangu!"