Fimbo Kuukuu

Mmbaga alinunua fimbo mpya za gofu, zile za zamani akamtupia mkewe, Nakiete. "Chezea hizo. Kwa mwanamke zinatosha."

Siku ya mashindano ya klabu, fimbo mpya ziliupeleka mpira wake mbali kweli, hadi bwawani. Wa Nakiete ulibingirika taratibu, ukatumbukia shimoni.

"Mmbaga, mwombe shemeji akuazime hizo kuukuu!" mwenzake mmoja alipiga kelele, wote wakaangua kicheko.

Mmbaga alimvuta mkewe kando. "Umenidhalilisha. Waambie umebahatisha, kisha uniombe radhi, la sivyo hukanyagi tena hapa."

Nakiete aliutazama mpini mkononi mwake. Jina la mumewe lililochorwa pale lilikuwa limeanza kufutika kwa jasho la viganja vyake.

"Sikubahatisha, Baba Neema. Na radhi sikuombi," alisema, akaenda kuutoa mpira wake shimoni.