Majani ya Buluu

Zulia la ukutani liliposhushwa na kulazwa sakafuni kifudifudi, Fridah alishikwa na butwaa. Upande wa nyuma ulikuwa wa kijani.

Tangu aje Riyadh kufanya kazi za nyumbani, alikuwa akilipangusa zulia hilo kuukuu, lililofumwa Ubelgiji enzi za kale. Lina msichana anayemkimbia mungu wa jua, na vidole vyake vinageuka matawi. Majani yote ni ya buluu. Fridah alisema moyoni, Wazungu wana mambo yao.

Kumbe rangi ya manjano ilichujuka kwa mwanga, ikabaki buluu tu! Huku nyuma, ambako jua halikuwahi kufika, majani yalikuwa mabichi kama mashamba ya chai ya kwao Nyamira mvua ikishakatika.

Alipiga magoti. Ncha za nyuzi zilikuwa zimejitokeza kila mahali, na kabla hajajua anafanya nini, vidole vyake vilianza kuchuma. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Mkono ukaenda mgongoni, ukakitafuta kikapu cha kuchumia chai.

"Fridah, yalla, likunje!" madam aliita kutoka mlangoni. "Lori la kutuhamisha limefika. Jeddah utaipenda, kuna bahari."

Mkataba wa Fridah ulikuwa unakwisha mwezi huo, na jana tu alikuwa amekubali kuongezewa miaka miwili.

Alitazama kiganja chake. Uzi mmoja wa kijani ulikuwa umeng'oka.

"Madam," alisema, akiufumbata, "mimi Jeddah siendi."