Wageni wa Mlango wa Kijani

Uvumi ule ulimkwama Bi Geesje kooni kama mwiba wa samaki: kwamba wale wageni hawakuja kutalii. Walitumwa kumpima.

Aliyeuleta ni jirani yake wa mlango wa tatu, Bi Truida. "Mwenzangu, hawa si bure. Amsterdam yote hii, mifereji na majumba ya picha, waje kuangalia pampu yetu yenye kutu? Wadhamini wa ua huu, wenye nyumba, wanataka kujua nani kazeeka, hawezi tena kuishi peke yake. Ukionekana umechoka tu, unapelekwa nyumba ya wazee. Nyumba yako anapewa mwingine."

Na kweli walikuwa wageni wa ajabu. Ua wa Kwartel umejificha nyuma ya mlango mdogo wa mbao, kati ya fundi baiskeli na muuza jibini. Mtu huweza kupita pale miaka kumi asijue kwamba ndani mna nyumba kumi na mbili, zote za wanawake wasio na waume. Lakini mtu fulani alikuwa ameuandika mtandaoni, katika orodha ya pembe za mji zisizojulikana. Namba saba. Wakaanza kuja, wawili wawili, na makoti yao ya mvua. Pampu hata hawakuitazama. Walisimama mbele ya mlango wa kijani, mlango wa Bi Geesje, wakaupiga picha.

Msichana mmoja wa Kidenmaki alimuuliza, "Bibi, magoti yanaendeleaje?"

Bi Geesje akausukuma mkongojo wake nyuma ya mlango. "Magoti yangu yanakuhusu nini? Mimi mzima. Nenda ukawaambie waliokutuma."

Msichana akatabasamu kama aliyepewa zawadi, akaandika kitu kwenye simu, akaenda zake. Mwiba ukazama zaidi. Mzazi akishaingiwa na hofu, hata salamu huisikia kama kesi.

Si uji wa nyumba ya wazee aliouogopa. Alimwogopea Wiebe, mwanawe wa pekee. Miaka mitano nyuma, mchana wa mvua, Wiebe alikuja na begi moja. Hakuwa na pa kukaa. Aliomba alale sakafuni siku tatu tu. Sasa, kanuni ya Kwartel ni ya tangu enzi za mabibi: mwanamume halali uani, na anayemlaza hupoteza nyumba. Kichwa cha Truida kilikuwa kimeshatokeza dirishani.

"Kanuni ni kanuni, mwanangu," Bi Geesje alimwambia. "Ngoja nikufungie mkate."

"Basi, mama. Funga mlango, baridi inaingia."

Hakurudi. Namba yake ya simu ikawa haiiti. Kilichobaki cha kumrudisha kwa mama yake ni mlango ule wa kijani. Mama akihamishwa, mwana atakuja kugonga kwa nani?

Kwa hiyo alipigana. Kila asubuhi alifagia ua mzima ili waone mgongo umenyooka. Alibeba ndoo mbili, yeye ambaye hata moja ilimliza usiku. Mzee mmoja wa Kijerumani alipomwomba maji ya kunywa, alimmwagia ya kudekia miguuni. Mzee akacheka, akapiga picha viatu vyake vilivyolowa, akashukuru. Hapo ndipo Bi Geesje alipoogopa hasa. Mtu anayemwagiwa maji akashukuru, ana lake.

Mwezi wa Januari alipita mlango hadi mlango kukusanya sahihi za kutaka ua ufungiwe wageni, kisha akazipeleka ofisini kwa wadhamini.

"Hatujamtuma mtu, bibi," karani alisema. "Watalii gani hao?"

"Mwizi naye husema hivyo hivyo," alijibu Bi Geesje.

Mwanzo wa Februari mlango wa barabarani ukatiwa kufuli, na tangazo juu yake: hakuna kuingia. Wiki ile ya kwanza walisikika wakigonga. Mmoja aliita kwa lugha asiyoijua, sauti yake kama ya mtu anayebembeleza. Bi Geesje alikaa kitini, mikono mapajani, hakuinuka. Kisha kukawa kimya, akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msimu wa baridi uanze.

Mei, miti ilipokwisha kuvaa majani, Bi Truida alikuja kunywa kahawa. Alikuwa na karatasi aliyochapishiwa maktaba.

"Nimekuletea adui yako. Namba saba, yote mpaka mwisho. Sisi tuliambiwa tu kwamba ipo, nani aliisoma? Soma wewe, mimi miwani nimeisahau."

Juu palikuwa na sifa za pampu na maua ya waridi. Chini palikuwa na orodha, kichwa chake Mambo ya Kuepuka. Kidole cha Bi Geesje kikashuka mstari kwa mstari.

Usiende kabla ya saa nne. Anafagia.

Usikanyage jiwe lililolegea karibu na pampu.

Usipige picha za nguo zilizoanikwa.

Usimpokee ndoo, atachukia. Muulize tu magoti, kisha uniandikie alivyojibu.

Usiondoke na kinyongo ukigombezwa. Akifoka, ni mzima.

Usisahau picha ya mlango wa kijani. Zote nazibandika ukutani, kando ya kitanda.

Usimtajie jina langu, Wiebe. Akijua ninaumwa atanilaza ndani, na nyumba itampotea.

Usikawie. Madaktari wamenipa mpaka Machi.