Sahani Mbele ya Mkwe

Siku hizo, aliyeondolewa tumbo la chakula kwa upasuaji alilishwa kupitia mwili wa mtu wa nyumbani mwake. Huyo alikula, na mrija ukatoa lishe katika damu yake na kuipeleka katika damu ya mgonjwa. Mzee Shekiondo, aliyebaki mifupa, aliungwa na Namweta, mke wa mwanawe. Lakini mila ilimkataza Namweta kula mbele ya mkwe, na mrija ulikuwa mfupi.

"Unadonoa kama kuku mgeni, mwanangu," mzee alinong'ona. "Haya yako itanizika."

Namweta akajitanda kanga, akageukia ukuta, akamaliza sahani mbili za ugali. Akafanya hivyo kila siku.

Baada ya mwezi muuguzi alimpima mzee. "Kilo nne zaidi!"

Nyumba nzima ikashangilia. Namweta akashika sketi yake iliyompwaya isidondoke, akangoja zamu yake ya kupimwa. Muuguzi alikuwa amekwisha kufunga mizani.